Kazi ya Andagraundi

Jumamosi, 5 Oktoba

Daftari hili nililinunua liwe la kliniki. Nesi alisema kila mama aje na daftari la kurasa thelathini na mbili, halafu siku yenyewe vile vitabu vya mama na mtoto vikawa vimeletwa, kwa hivyo hili likabaki safi, jina la Irine tu juu. Nimeona niandike humu mambo ya msimu huu wa mvua. Nyumbani tunasema Kiluo, lakini kuandika nilifunzwa kwa Kiswahili na niliachia kidato cha pili, kwa hivyo Kiswahili ndicho hiki.

Mimi ni Dorine. Irine ana miezi saba na meno mawili. Baba yake ni Gordon, anatengeneza injini za boti kule Sori na anakuja nyumbani Jumamosi. Tunakaa boma moja na mama yake, mwendo wa nusu saa hivi kutoka mashimo ya dhahabu ya Osiri. Jina lake ni Phelesia lakini mimi siwezi kumwita hivyo, namwita Mama. Yeye ananiita Nyar Gwassi, msichana wa Gwassi, kwa sababu nimetoka huko. Miaka miwili sasa sijamsikia akisema Dorine.

Leo Chrispine amenipigia. Ni kijana wa Homa Bay anayekusanya watu wanaopenda muziki wa elektroniki, ule wa mashine, hauna maneno mengi, unapiga tu mpaka mwili ukubali. Hawabandiki matangazo na hawako redioni, wanaitana kwa simu. Alisikia wimbo wangu niliouweka mtandaoni, unaitwa Krasha, nimeutengeneza kwa mlio wa krasha, zile mashine za kusaga mawe za Osiri. Akasema, "Wewe ndiye DJ wa andagraundi tuliyekuwa tunamtafuta." Nikamuuliza andagraundi ni nini, akasema ni muziki ambao haujulikani bado, uko chini, lakini wenyewe wanaujua.

Anataka nije kisiwa cha Takawiri Jumamosi tarehe 14 Desemba. Alasiri, saa moja nzima, mimi peke yangu kwenye meza.

Miaka mitatu nimekuwa nikitengeneza muziki kwenye simu ya kioo kilichopasuka, na wa kuusikiliza ni Gordon na Irine tu. Mara moja nilipiga kwenye harusi, na baada ya nyimbo mbili wakaniomba niweke kitu chenye maneno. Asante Mungu kwa siku ya leo.

Jumapili, 6 Oktoba

Gordon amefurahi kuliko mimi. Alikuwa amelala kwenye mkeka, Irine juu ya kifua chake. Lakini akasema nimwambie Mama. "Mama akikubali mimi sina neno. Mama akikataa, pia sina neno." Akacheka. Mimi sikucheka.

Taabu ni neno disko. Kwetu disko ni lile la matangani, na kuna msichana wa kanisa la Mama aliyetoka kwenye disko la matanga akiwa na mimba, na shule ikaisha. Mama alisimama kanisani akaapa kwamba hakuna mtu wa nyumba yake atakayesimama penye disko. Nikitaja neno hilo nimemaliza mambo kabla hayajaanza.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimemwambia. Namshukuru Mungu, namshukuru na Chrispine kwa lile neno lake.

Mama alikuwa anachambua njugu kwenye ungo. Nikakaa chini, nikamwambia nimepata kazi. Akauliza kazi gani.

"Ya andagraundi, Mama."

Mikono yake ikasimama. Akauliza, "Wapi?"

Nikasema nitaanzia hapa Osiri kujifunza, halafu Desemba iko siku kubwa. Akauliza kama wanawake wanakubaliwa. Nikasema ni wachache, lakini siku hizi tumeanza kuingia. Akauliza kama ni hatari, nikasema si hatari mtu akijua anachofanya. Nilikuwa nikijibu haraka haraka kabla ya moyo kunitoka.

Njugu moja ilikuwa imebaki kati ya vidole vyake. Mwishowe akasema, "Na mtoto?"

"Nilikuwa nakuomba wewe, Mama. Kwa saa mbili au tatu tu."

"Nitamshika."

Basi. Hivyo tu. Mimi niliyekuwa nimejiandaa kulia.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Nimeenda Osiri kurekodi. Mama aliamka kabla yangu, akanichemshia maji ya kuoga na mayai mawili. Mama huyu, anayesema mayai ni ya kuku si ya watu. Alisimama njiani mpaka nikapinda kona, na bado nilihisi macho yake mgongoni.

Jumatatu, 14 Oktoba

Irine ana mafua. Sikuenda.

Jumapili, 20 Oktoba

Lazima niandike vizuri hapa.

Baba yake Gordon aliitwa Nicanor. Alikufa kwenye shimo la Osiri miaka minane iliyopita, udongo ulianguka. Mimi sikumkuta. Tangu siku hiyo Mama hapiti barabara ya Osiri. Akienda sokoni anazunguka kwa njia ya mto, na watoto wake wote aliwaapisha wasiguse kazi ya shimo. Ndiyo maana Gordon alienda ziwani.

Leo baada ya kanisa Mama ameniletea tochi ya marehemu, ile ya kufunga kichwani. Ameweka betri mpya. Akasema, "Itakusaidia." Stima hupotea ovyo hapa, na kuchomeka nyaya gizani ni shida, kwa hivyo kweli itanisaidia, lakini sikufikiri Mama angewaza mambo ya nyaya.

Gordon aliishika kwa mikono miwili. Alisema tochi hiyo hata dada zake hawajawahi kuishika. "Mama amekupenda," akasema.

Mama amekupenda. Naliandika tena ili nilione.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mvua. Irine amejua kukaa bila mto.

Ijumaa, 1 Novemba

Leo nilikuwa kwa Jerusha. Jerusha ni rafiki yangu tangu nilipoolewa huku, anaponda mawe ya dhahabu na wanawake wengine wanane, kila mmoja na nyundo yake na kipande cha tairi cha kuzuia jiwe lisiruke. Nimewarekodi nusu saa. Ukisikiliza vizuri hawapigi pamoja. Kila mmoja ana mapigo yake, na kila baada ya muda nyundo zote zinakutana mara moja, tak, halafu zinaachana tena. Nimechukua ile tak. Nimeiweka juu ya krasha, mapigo mia na ishirini na nne kwa dakika, chini nikaongeza besi ya simu.

Nikawachezea. Jerusha akasikiliza akiwa amekunja uso, kisha akasema, "Sisi tunaponda mawe tupate dhahabu. Wewe unatuponda sisi upate kelele." Wote wakacheka, lakini mabega yao yalikuwa yameanza kucheza na walikuwa hawajui.

Jumanne, 5 Novemba

Mimi sijawahi kushika deki, ile mashine ya DJ yenye sahani mbili na vifungo. Chrispine atakuja nayo Takawiri. Basi alinitumia picha, na Gordon akaichora kwenye katoni ya mafuta ya kupikia, ukubwa wake kamili. Vifungo ni vifuniko vya soda vilivyogundishwa, sahani ni vifuniko vya ndoo. Nafanya mazoezi hapo, hedifoni masikioni, mkono huu unapunguza wimbo huu, mkono ule unaleta ule. Mlango nimefunga. Nikimaliza naisukuma katoni chini ya kitanda, maana hata kama Mama ameelewa, sitaki aione akauliza inaitwaje.

Irine anataka kula vifuniko.

Jumamosi, 9 Novemba

Akina mama wanne wa kanisa wamekuja na kanzu zao nyeupe. Mama aliwaita. Walinipigisha magoti, wakaniwekea mikono kichwani, mgongoni, hata miguuni. Wakaomba Mungu anilinde na giza. Wakaomba udongo unijue na uniachie. Nikasema moyoni, udongo, ndio, sisi sote ni udongo. Nikalia sana.

Nadhani hakuna DJ mwingine Nyatike nzima aliyeombewa hivi.

Jumanne, 12 Novemba

Mvua kubwa. Chrispine ametuma orodha ya watakaopiga. Nimo, katikati, saa tisa mpaka saa kumi.

Ijumaa, 15 Novemba

Nataka kukiri kitu. Miaka hii miwili nimemfikiria Mama vibaya. Akionja mboga yangu anaongeza chumvi. Nikifagia anafagia tena. Nilimwandikia dada yangu kwamba naishi na mtu wa mawe. Sasa namwona mwingine kabisa. Kila siku ninayoenda Osiri ananipikia, hanifokei hata nikisahau ndoo njiani, hata juzi nilipounguza uji hakusema kitu. Leo asubuhi alininyooshea kola ya sweta na mkono wake ukakaa hapo kidogo. Nikirudi namkuta mlangoni na Irine, na anapumua kama mtu aliyetua mzigo.

Mtu anaweza kukaa na mwenzake na asimjue. Asante Mungu kwa kunifungua macho.

Jumanne, 19 Novemba

Irine amelala, nguo zangu ziko kwenye kamba ndani ya nyumba. Naandika yote.

Mvua ilinyesha siku mbili bila kupumzika. Leo ilipungua, nikataka kwenda kwa Jerusha kumaliza wimbo wa mwisho. Nilimwambia Mama, "Leo nitakuwa andagraundi mpaka saa nane." Akaitikia kwa kichwa. Nilitoka saa nne.

Chumba cha Jerusha ni cha mabati, kiko mita mia hivi kutoka mashimoni. Niliweka simu dirishani ichukue mlio wa krasha, nikavaa hedifoni, nikafunga macho. Krasha tatu zilikuwa zinasaga. Humo ndani ya hedifoni hakuna dunia nyingine.

Kama saa sita, krasha moja ikanyamaza. Nikadhani mkanda umekatika. Halafu ya pili. Halafu ya tatu. Osiri haijawahi kuwa kimya mchana. Nilifikiri ni simu imeharibika, nikavua hedifoni, na kumbe ni kweli, hakuna kitu kinacholia, hata nyundo. Katika ule ukimya nikasikia mtu anaita mbali.

"Nyar Gwassi! Nyar Gwassi!"

Halafu, "Dorine!"

Nikatoka mbio bila viatu.

Watu walikuwa wamejaa kwenye mdomo wa shimo. Maji ya mvua yalikuwa yamevunja ukuta, na sehemu ya shimo ilikuwa imeanguka. Watu wanne walikuwa chini. Wote walitoka kupitia shimo la jirani, mmoja tu amevunjika mkono, lakini habari ilishakimbia mpaka kwetu kabla wao hawajatoka.

Na pale mdomoni, magoti kwenye matope, alikuwa Mama. Irine mgongoni kwake, amefungwa leso mbili, analia. Mama alikuwa ameinama mpaka nikaogopa watatumbukia wote wawili, na anaita ndani ya giza jina langu.

Zablon, msimamizi wa shimo lile, ndiye aliyenieleza baadaye. Mama alikuja kwa barabara, ile ile asiyopita. Wakamwambia, Mama, humu hakuna mwanamke, hatujawahi kumshusha mwanamke. Akasema, "Yumo. Ameniambia mwenyewe." Akawaomba wazime mashine ili asikie kama najibu. Zablon alijua yeye ni mjane wa nani. Akazima.

Nikaita, "Mama."

Aligeuka. Zablon naye akanitazama, akasema, "Mama, si huyu hapa? Tena mkavu."

Mama aliniangalia kuanzia miguuni. Akaona gauni langu halina tope. Akaona hedifoni shingoni. Sijui alielewa nini wakati huo. Alifungua leso polepole, vidole vilikuwa haviingii kwenye fundo, akanikabidhi Irine.

"Mnyonyeshe," akasema. "Amelia njia nzima."

Kisha akaondoka, akapita kwa barabara, bila kugeuka. Nikamfuata kwa mbali kama mtoto aliyevunja chungu.

Jumatano, 20 Novemba

Sauti ya Mama akiniita imebaki kwenye simu, maana ilikuwa inarekodi. Niliisikiliza mara moja nikaifuta. Si kila sauti ni ya kuchezewa.

Leo mchana ameniita jikoni. Alikuwa hajalala, macho mekundu.

"Niambie polepole," akasema. "Hapa kwetu andagraundi ni ndani ya shimo. Ya kwako ni nini?"

Nikamwambia. Ni muziki, Mama, ule ambao haujatoka bado, uko chini kwa chini, watu wachache wanaujua. Nilikuwa nikirekodi mashine tu. Sijawahi kushuka shimoni hata hatua moja.

"Kama ni muziki, mbona hukusema muziki?"

"Ungeuliza muziki gani."

"Muziki gani?"

Nikainamisha kichwa. "Wa kucheza, Mama. Kama disko."

Akakaa. Maji ya ugali yalichemka mpaka yakakaribia kuisha na hakuna aliyeweka unga. Kila kitu kilikuwa kikinirudia kichwani, mayai, tochi, akina mama wa kanzu nyeupe wakiomba udongo uniachie. Nilijiona mjinga. Nilikuwa nimemshukuru Mungu wiki sita kwa baraka ya kazi nyingine.

Nikamuuliza, kama alidhani ninashuka, mbona hakunikataza. Yeye aliyewaapisha watoto wake wote.

Alisema alidhani mimi na Gordon tunakosa chakula na tunamficha. Halafu akasema, "Nicanor nilimgombeza asubuhi ile. Nilimwambia aende tu, na akirudi asiniulize chakula. Akaenda. Wewe nikasema, huyu sitamgombeza. Akitoka mlangoni kwangu atoke ameshiba na amesikia neno zuri."

Nililia, yeye hakulia. Nikamwomba msamaha. Akasema amenisamehe.

"Shimo nilikuachia kwa sababu ya njaa," akasema. "Disko hakuna njaa. Disko nakataa."

Ijumaa, 22 Novemba

Gordon amesema kwa simu kile alichosema siku ile. Mama akikataa hana neno. Sikumkasirikia. Naye pia ni mtoto wake.

Chrispine anataka jibu kufikia mwisho wa mwezi, ili aweke mtu mwingine.

Jumapili, 24 Novemba

Nimeenda kanisani na Mama. Huwa nabaki na mtoto, lakini leo nilitaka tu kutembea naye. Wakati wa kuimba alipewa ngoma. Nilijua anapiga, lakini sikuwahi kumwangalia akipiga. Mkono wa kulia unatembea sawa sawa, wa kushoto unachelewa makusudi, unakuja nyuma kidogo, na katika ule mwanya ndipo watu wote walipoanza kuruka. Wazee, watoto, wenye magongo. Zaidi ya saa moja, bila maneno mengi.

Nilikaa kwenye benchi na nikaogopa kufikiri nilichokuwa nafikiri.

Jumatano, 27 Novemba

Sikumwomba tena. Nilikuwa nafanya mazoezi kwenye katoni, leo sikufunga mlango, sina cha kuficha tena. Mama aliingia kuchukua mtoto. Akasimama. Akatazama vifuniko vya soda. Akauliza hicho ni nini, nikamwambia. Akauliza kama ndiyo mashine yenyewe, nikasema hapana, hii ni ya kuzoea tu, yenyewe sijawahi kuigusa. Nafikiri alinihurumia hapo.

"Lete nisikie."

Nikamvalisha hedifoni juu ya kitambaa cha kanisa. Nikaweka Krasha. Akasikiliza. Dakika mbili, tatu. Mashine ile ndiyo inasaga pale alipofia mume wake, nilitaka kuizima, nikanyoosha mkono, akaupiga kofi dogo.

Ikaingia sehemu ya nyundo za akina Jerusha. Mama akakunja uso. Akavua sikio moja.

"Hapa mmekosea."

"Wapi, Mama?"

"Hii inayogonga. Inakuja mapema. Inawafikia watu kabla hawajaitaka." Akavuta beseni la nguo, akaligeuza, akapiga. Kulia sawa sawa, kushoto nyuma kidogo. "Wasubirishe. Wakisubiri ndipo watainuka."

Nikaisukuma ile tak nyuma kidogo kwenye simu, kiasi cha unywele. Nikamrudishia hedifoni. Akasikiliza mpaka mwisho. Kidole chake kimoja kilikuwa juu ya beseni, kinagonga.

Aliivua, akaikunja vizuri, akauliza hao watu wa Takawiri ni watu gani. Nikamwambia ninachojua. Ni mchana, pombe inauzwa lakini si matangani, hakuna maiti, hakuna kulala.

"Nitaenda niwaone kwa macho yangu. Nikiona tabia mbaya, nachukua mtoto wangu na mjukuu wangu, tunarudi."

Alitoka. Ilinichukua muda kuhesabu. Mjukuu ni Irine. Mtoto ni mimi.

Nimempigia Chrispine, nimemwambia tunakuja watatu.

Jumapili, 1 Desemba

Mvua imepungua. Nyimbo kumi na moja ziko tayari. Tano zimepita kwenye beseni la Mama.

Ijumaa, 6 Desemba

Mama hapatani na wimbo wa saba. Nimeutoa.

Ijumaa, 13 Desemba

Sori, kwa Gordon. Kesho asubuhi boti ya Maurice itatupeleka, Gordon naye anakuja, ndiye aliyemtengenezea injini na Maurice amesema safari hii hatulipi. Mama amebeba kiti chake cha plastiki kutoka nyumbani. Gordon akamwambia viti viko. Akasema, "Vya watu nisiowajua."

Jumapili, 15 Desemba

Tumelala Takawiri kwa shangazi yake Maurice. Wote bado wamelala, jua limetoka, mimi nimekaa mchangani na daftari. Huku mchanga ni mweupe kama unga.

Jana walikuwa watu kama mia na ishirini. Vijana wa Homa Bay, wa Kisumu, wawili kutoka Kampala. Nywele za rangi, viatu mkononi. Mama aliweka kiti chake mbele kabisa ya turubai, kando ya spika, akakaa wima na mkoba mapajani na Irine juu ya mkoba. Nikaona vijana wakipita karibu naye wanamsalimia kwa heshima, mmoja hata akaficha chupa. Kila aliyempita alimkagua.

Saa tisa nikapanda mezani. Deki halisi ni nzito na vifungo ni laini mno, si kama vifuniko vya soda. Wimbo wa kwanza mkono uliteleza, sauti ikakatika sekunde nzima. Nikaomba ardhi inimeze. Gordon nyuma yangu akasema, "Endelea, hakuna aliyekufa."

Dakika kumi na tano walisimama tu. Si kwamba walichukia, walikuwa wanasikiliza na mikono mifukoni. Ikaja Krasha. Niliileta polepole, mashine moja, mbili, tatu, nikaondoa besi yote, nikawasubirisha. Nikawasubirisha zaidi. Nikamwona Mama amenyanyua kidole kimoja, bado, bado. Kisha akakishusha, nami nikaachilia.

Sijui niandikeje. Wale watu waliinuka kama maji.

Katikati ya hapo nikasikia Irine. Mama yeyote anajua, hata penye spika nane anasikia wa kwake. Maziwa yakaja, blauzi ikalowa mbele mpaka tumboni, na nimebakiwa na dakika thelathini. Nikamwona Mama anasimama na mtoto, anapita katikati ya wachezaji moja kwa moja kuja kwangu. Walimpisha. Wengine wakashusha mikono, walidhani mwenye mji amekuja kufunga shughuli. Mimi pia nilidhani hivyo. Nilidhani ameona tabia mbaya.

Akafika mezani, akanisogelea sikioni. "Ana njaa. Wewe usiache."

Akafungua leso yake, akatufunika mimi na Irine pamoja, akamshikilia mtoto kwenye titi langu kwa mikono yake miwili. Mikono yangu ikabaki kwenye deki. Hivyo ndivyo nilivyopiga nusu saa iliyobaki, Irine ananyonya, Mama amesimama upande wangu ameegemea meza, na kila nilipotaka kuharakisha wimbo ananigusa na kiwiko. Watu waliona. Walipiga kelele, lakini si za kudharau. Wale wawili wa Kampala walikuwa wanalia na kucheza.

Saa kumi ilipofika nilizima. Mama alimfuta Irine mdomo, akanifungia kifungo cha blauzi, akarudi kwenye kiti chake.

Baadaye Chrispine alikuja pale tulipokaa tunakula samaki. Alimwamkua Mama kwanza, nikampenda kwa hilo. Akasema kuna nyingine Homa Bay mjini, Jumamosi tarehe 22 Februari, na safari hii anataka niwe wa mwisho, yule ambaye watu wanamsubiri. Saa mbili nzima. Akaniuliza kama nitaweza.

Nikamtazama Gordon. Gordon akatazama samaki wake.

Mama alitoa mfupa mdomoni, akauweka kando ya sahani. Akamuuliza Chrispine inaanza saa ngapi. Saa nane mchana. Akauliza kama pana kivuli cha mtoto. Kipo. Akauliza kama inaisha mapema, maana Jumapili yeye ana kanisa. Chrispine akaapa.

"Basi tutakuja," Mama akasema, na akaendelea kula.